Barua ya wazi kwa wakubwa wa nishati na elimu: wanafunzi wetu wa fildi wafike saiti

Waheshimiwa, shikamooni kwa mlionizidi umri, na kwa wa rika langu habari za majukumu.

Barua hii naiandika kwa Waziri wa Nishati, Waziri wa Elimu, wakubwa wa TANESCO (shirika la umeme) na REA (wakala wa nishati vijijini), EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), Bodi ya Usajili wa Wahandisi, TCU na NACTVET (wasimamizi wa vyuo), na pia kwa wenzangu wenye kampuni za sola na wakandarasi wa miradi ya umeme. Najua ni wengi kwa barua moja, ila ndo hali halisi, jambo la fildi, yani mafunzo ya vitendo ya mwanafunzi nje ya chuo, limegawanyika kwenu nyote na likigawanyika hivyo hakuna anayelibeba, mwanafunzi akiuliza huku anaelekezwa kule, akifika kule anaambiwa katafute mwenyewe, na muda wa chuo unaenda.

Mimi ni injinia wa umeme, kazi yangu ni sola, nipo Mwanza na kampuni yetu ni ndogo, mafundi tunajuana wote kwa majina na familia zetu. Kuanzia mwezi wa tano hivi barua za maombi ya fildi zinaanza kumiminika, zingine za mkononi, zingine PDF ya wasap yenye mhuri wa chuo, vijana wa UDSM, DIT, MUST ya Mbeya, Arusha Technical, SAUT hapa hapa mjini kwetu. Wote wanaandika kitu kilekile, wanaomba wiki nane za kujifunza. Tunachukua wachache kwa sababu ndo uwezo wetu, waliobaki nawajibu samahani, na kinachoniuma ni kwamba najua wengi wao wanaenda kuishia wapi.

Wanaishia kwenye ofisi. Kijana anasoma umeme mwaka wa tatu, ana hesabu nzuri kabisa, anapelekwa kitengo cha manunuzi apange mafaili, au anakaa mapokezi anapokea simu, au anaambiwa we njoo tu kila siku usaini mahudhurio. Wiki ya saba anaanza kuhangaika kutafuta picha za kuweka kwenye ripoti, anaomba kwa mwenzake aliyebahatika kwenda saiti, anaandika kwamba alishiriki kufunga transfoma ambayo hajawahi hata kuisogelea. Supavaiza wa chuo anapita mara moja, nusu saa, anaangalia kitabu kimejazwa, anasaini, maksi zinawekwa. Nimesoma ripoti za hivyo nyingi tu wakati wa kuhoji waombaji kazi. Ukimuuliza swali moja la kawaida, mfano hapo saiti mlipimaje ukinzani wa ethi (ule waya unaoingia ardhini), anakuangalia tu, na wala siyo mjinga, ila hajawahi kukishika hicho kifaa.

Na hili linatokea wakati ambao nchi yetu haijawahi kuwa na kazi nyingi za umeme kama sasa hivi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limekamilika, mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Vijiji vyote 12,318 vya bara vimefikiwa na umeme na sasa REA wapo kwenye vitongoji. Kishapu kule Shinyanga, jirani zetu kabisa, kuna mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 unaoanza na 50. Maporomoko ya Rusumo, megawati 80, tunagawana na Rwanda na Burundi. Kule Mufindi mradi wa Mwenga una maporomoko na una mitambo ya upepo. Visiwani huku ziwani, Ukara na kwingine, kuna gridi ndogo za sola zenye betri. Januari 2025 marais na wakuu wa mabenki walikaa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Mission 300, shabaha ikiwa kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030. Yani kazi ipo. Sasa hawa watu milioni 300 wataunganishwa na kina nani, na mitambo ikishafungwa itahudumiwa na nani mwaka wa sita, mwaka wa kumi, wakati yule mkandarasi ameshafunga mizigo yake ameondoka?

Ndo maana nasema nafasi za fildi zipo. Kinachokosekana ni mtu anayelazimika kuzifungua, na ombi langu kubwa kwenye barua hii ni hilo: fildi iache kuwa hisani ya meneja mwenye roho nzuri, iandikwe kwenye mkataba wa mradi.

Kabla sijafika kwenye mikataba naomba niwaeleze kwa nini hii kitu haiwezi kufidiwa na darasa, maana kuna watu wanadhani tukiongeza maabara na video imetosha. Maabara ni muhimu sana, sibishi. Ila ngoja niwape mifano ya kwenye sola ninayoijua.

Vitabu vingi vya sola walivyonavyo wanafunzi vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, vinasema paneli ielekee kusini. Huko kwao ni sahihi. Huku kwetu chini ya ikweta inabidi ielekee kaskazini, na hapa Mwanza ambapo tupo kama digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta jua linapita karibu na utosini, kwa hiyo mwinamo wenyewe hausumbui sana, ila ukiilaza kabisa bapa vumbi linaganda na mvua hailioshi, ndo maana tunaipa kama digrii 10 ili maji yashuke na uchafu. Kijana anaweza kuelezwa hili darasani akaandika na akasahau. Akipanda juu ya bati mwenyewe mwezi wa nane, akaona paneli iliyolazwa bapa ina tope upande mmoja wote na inatoa nusu ya umeme wake, hatakaa asahau.

Mfano mwingine, na huu ni wa kuchoma nyumba za watu. Umeme wa gridi yetu ni wa hezi 50, maana yake unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo breka ya kawaida ikikata, ile cheche inajizimia yenyewe kwa sababu umeme unafika sifuri. Umeme wa paneli ni DC, yani unaenda upande mmoja tu, haupiti sifuri hata mara moja, cheche ikishawaka inaendelea kuwaka. Sasa mtu anaenda dukani ananunua breka ya AC, yani ya umeme wa gridi, kwa sababu ni rahisi na inapatikana, anaifunga kwenye waya za kutoka juu ya paa, na siku itakayotakiwa kukata na mzigo upo inayeyuka. Nimezikuta, na zilifungwa na watu wenye vyeti. Konekta nazo hivyo hivyo, unakuta ya kampuni moja imechomekwa kwenye ya kampuni nyingine, zimeingiana vizuri tu kwa macho, baada ya miezi kadhaa joto limeshaanza kuila plastiki. Vitu hivi unafundishwa na mtu aliyekuwepo hapo juu na wewe, anakuambia gusa hapa, unaona hii ilivyo ya moto kuliko ile, fungua tuone.

Au baridi. Paneli ikipoa voltigi yake inapanda, kama asilimia 0.3 kwa kila digrii moja hivi kwa hizi paneli za kawaida za silikoni, kwa hiyo mtu aliyepiga hesabu za inveta (kifaa kinachogeuza DC kuwa AC) akiwa Dar halafu akaenda kuifunga Makete, ambako asubuhi ya mwezi wa saba kuna baridi ya kuganda, anaweza kupitisha kiwango cha inveta saa moja asubuhi jua likichomoza, na inveta ikafa siku hiyo hiyo. Wanafunzi wanaijua hiyo fomula. Wengi hawajui kwamba Makete ipo ndani ya hiyo fomula.

Haya nayasema ya sola tu. Mtu wa mitambo ya maji ya Kihansi au Kidatu angewaambia ya kwake, jinsi mashine inavyosikika ikiwa na shida kabla mita haijaonyesha chochote, jinsi mchanga wa mto unavyokula chuma, jinsi ya kuwasha mtambo baada ya gridi nzima kuzimika. Ujuzi wa hivyo umo kwenye vichwa vya watu, na wengi wa hao watu wanakaribia kustaafu. Kila mwaka unaopita bila wao kukaa na vijana kuna vitu vinaondoka nao na hatutavipata kwenye kitabu chochote cha maelekezo cha kiwandani.

Naomba sasa niwatetee kidogo wenye kampuni kwa sababu na mimi nimo. Mkituona tunakataa wanafunzi msidhani wote tuna roho mbaya. Mwanafunzi wa kweli, yule unayemfundisha na siyo yule wa kumpa faili, anakula muda. Fundi wangu mzoefu akiwa peke yake anamaliza nyumba kwa siku moja, akiwa na wanafunzi wawili anaowaeleza kila hatua anamaliza siku mbili, na mteja anataka umeme leo. Halafu kuna suala la usalama, kijana anapanda juu ya paa, nani anamnunulia buti, helmeti na mkanda? Akidondoka nani anamtibu? Chuo kinasema yupo kwako, mimi nasema ni mwanafunzi wa chuo, mzazi yupo Kigoma hajui lolote. Kampuni kubwa zenye wanasheria zinaliangalia hilo swali zinaona njia rahisi ni kusema nafasi zimejaa. Kwa hiyo suala la bima ya mwanafunzi akiwa fildi lazima limalizwe na nyie wakubwa kwa maandishi, nchi nzima, isiwe kila kampuni inabahatisha na kila chuo kina utaratibu wake. Hilo peke yake lingefungua milango mingi sana.

Na hela ipo, naomba mniruhusu niseme hivyo. Sisi waajiri tunalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, kwa asilimia ya mishahara tunayolipa. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 ikawa 3.5 na tulishukuru. Jina lake lenyewe ni la kuendeleza ujuzi. Sasa kampuni inayochukua wanafunzi wanne wa nishati kwa wiki nane, ikawapa mtu wa kuwasimamia na vifaa vya usalama, ikathibitishwa na chuo, kwa nini isipunguziwe kidogo kwenye tozo hiyo hiyo? Hatuombi zawadi, tunaomba ile kazi ya kufundisha ihesabike kwamba nayo ni kuendeleza ujuzi. Jirani zetu Kenya wana NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, mwajiri anachanga shilingi 50 ya kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mamlaka hiyo hiyo ndo inayoshughulika na atachimenti za wanafunzi viwandani. Mfumo wao nao una malalamiko yake, ila angalau mwanafunzi akiuliza mwenye jukumu ni nani anatajiwa jina moja.

Nirudi kwenye mikataba. Kwenye mafuta na gesi tulishalifanya jambo hili, tuna Sheria ya Petroli ya 2015 na kanuni zake za 2017 za ushiriki wa Watanzania, kampuni inatakiwa ilete mpango unaoonyesha itaajiri vipi Watanzania na itawafundisha vipi, na unakaguliwa. Mimi naomba kitu cha namna hiyo kwa miradi ya umeme wa jua, upepo, maji na jotoardhi (joto la chini ya ardhi), na kiende mbali zaidi, kitaje wanafunzi. Yani mkataba wa kujenga megawati kadhaa uandikwe kabisa kwamba kila mwaka wa ujenzi mkandarasi atapokea wanafunzi idadi hii, watalala hapo kambini na kula hapo, maana saiti nyingi zipo mbali na hakuna gesti, watasimamiwa na mhandisi mwenye jina linalojulikana, na watapita vitengo vyote, siyo kukaa stoo wiki nane. Wakati wa ujenzi ndo wakati wa dhahabu jamani. Mashine inafunguliwa, inaunganishwa, inajaribiwa, inakataa, inarekebishwa. Bwawa la Nyerere lilianza kujengwa 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, mashine ya kwanza ikaanza kutoa umeme mwanzoni mwa 2024. Hiyo ni miaka ambayo darasa zima la mwaka wa kwanza lingeweza kuanza na kumaliza digrii likiwa linaenda na kurudi Rufiji kila likizo. Mradi wa ukubwa huo haurudii. Kishapu bado inajengwa kwa awamu, na kuna miradi inakuja, kwa hiyo muda wa kuandika hicho kifungu ni sasa kabla mikataba haijasainiwa, ikishasainiwa mkandarasi ana haki ya kuwaambia hilo halikuwepo.

Kuna watu wataniambia mafunzo ya muda mrefu hivyo ni gharama. Naomba waangalie jotoardhi ya Kenya. Kituo cha Olkaria kilianza kutoa umeme 1981. Toka miaka hiyo Kenya imekuwa ikipeleka vijana wake Iceland kwenye mafunzo ya jotoardhi yaliyoanza 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, miezi sita sita, unakaa na mtu wa visima, unafanya mradi wa data ya nyumbani kwako, unarudi kwenye kisima chako. Kenya ndo nchi iliyotoa wahitimu wengi kuliko zote kwenye yale mafunzo. Baadaye kozi fupi zikaanza kufanyika Naivasha kabisa, waliofundishwa wakawa wafundishaji. KenGen, kampuni yao ya kuzalisha umeme, wameshaenda kuchimba visima Ethiopia na Djibouti kwa kulipwa. Ilichukua miaka zaidi ya thelathini ya kukaa mtu na mtu, na imelipa. Sisi tuna Ngozi na Kiejo-Mbaka kule Mbeya, tuna kampuni ya taifa ya jotoardhi, na MUST ipo mji huo huo. Kwa nini mwanafunzi wa MUST asikijue kisima cha Ngozi kama mwanafunzi wa udaktari anavyoijua wodi?

Kuhusu mtu wa kumlea mwanafunzi, hapa naomba niongee taratibu kwa sababu ndo moyo wa jambo lenyewe. Tumezoea kumteua supavaiza kwa cheo. Meneja anaandikwa jina, meneja yupo kwenye vikao, mwanafunzi anamuona siku ya kwanza na siku ya kusaini. Mlezi awe fundi au mhandisi aliyepo kazini kila siku, apewe masaa yake kwa wiki yanayojulikana na bosi wake kwamba hapa anafundisha, na alipwe kitu, hata kidogo. Na asiwe na wanafunzi ishirini. Pita pale Mabatini angalia fundi gereji anavyomlea kijana, anaanza kwa kuosha vipuri na kushika tochi, baada ya muda anafungua bolti, baada ya muda anaachiwa injini na fundi amesimama pembeni kimya anamuangalia. Hakuna aliyewaandikia mtaala, ila kila hatua ina mtu na kila mtu anajua kijana yupo hatua gani. Vijana wa chuo kikuu wanakosa hicho ambacho kijana wa gereji anacho.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi mna mpango mzuri sana, SEAP, mhitimu anakaa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa akiandika kazi anazofanya na kukaguliwa. Ubalozi wa Norway uliwahi kuwafadhili wahandisi wanawake kwenye mpango huo na matunda tumeyaona, kuna kina dada ninaowaheshimu sana wamepita humo. Ombi langu kwenu ni kwamba mlango wake uanzie chuoni. Mwanafunzi aliyefanya fildi za kweli tatu kwenye nishati, na mhandisi wenu akazithibitisha, zile wiki zihesabike hata kama ni miezi michache tu ya SEAP. Mkifanya hivyo kitabu cha fildi kitapata thamani, hakuna atakayethubutu kukijaza kwa picha za kuazima kwa sababu mhandisi anayesaini anaweka namba yake ya usajili hapo. Na EWURA vivyo hivyo kwenye leseni za mafundi umeme, kijana wa chuo cha ufundi aliyefunga mifumo halisi chini ya mwenye leseni, muione hiyo kazi.

Sitaki nisahau wasichana. Wakija wawili, mvulana na msichana, wa darasa moja, mara nyingi kwenye makampuni mvulana anaambiwa panda gari twende saiti na msichana anaambiwa baki usaidie invoisi. Haisemwi kwa ubaya, wanasema tunamuonea huruma. Matokeo yake anahitimu na ripoti ya invoisi. Halafu kuna lile baya zaidi, la mtu kushikilia saini ya kitabu mpaka binti akubali kutoka naye. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 kifungu cha 25 inasema hilo ni kosa la jinai, siyo suala la kumalizana ofisini. Ninachoomba vyuo ni namba moja ya simu, inayopokelewa na mwanamke, yenye uwezo wa kumhamisha binti sehemu nyingine ndani ya siku chache bila kupoteza maksi zake. Maana leo binti akilalamika wiki ya tano anaambiwa vumilia zimebaki tatu. Kule Kinyasini, Unguja, kina mama wa vijijini ambao wengine hawakusoma sana wamefundishwa kutengeneza na kufunga mifumo ya sola wakarudi kuwasha vijiji vyao, kwa hiyo mtu asinieleze habari za kazi hii kuwa nzito kwa mwanamke.

Hela ya kujikimu nayo. Wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo wanapewa hela ya fildi, na hiyo ni msaada mkubwa kabisa, ila ikichelewa kijana aliyepangiwa Ukerewe anabaki kwa shangazi yake Dar anatafuta ofisi ya karibu kwa sababu nauli ya daladala anaimudu. Nafasi nzuri za nishati jadidifu zipo mbali na mji, ndo asili yake, maporomoko hayapo Kariakoo. Asiye na mkopo hali yake ni mbaya zaidi. Kwa hiyo hela itoke kabla ya kuripoti, na anayekubali kwenda saiti ya mbali apewe zaidi kidogo ya anayebaki mjini.

Na kuna sehemu ya fildi ambayo naona hakuna anayeiangalia, jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ikifika 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaelekezwa ziachane na kuni na mkaa. Sasa ingia kwenye shule ya bweni iliyofungiwa mfumo wa gesi au majiko ya umeme, uliza kwa mwezi wanatumia kiasi gani kulinganisha na lori la kuni la zamani, uliza jiko likiharibika nani anaitwa. Mara nyingi anayejua ni mpishi mkuu tu, kwa kukadiria. Wapeni shule kumi za mkoa wanafunzi wa uhandisi, wawili wawili, wakae na wapishi wiki nane, wapime gesi, wapime umeme, wapime muda wa maharage kuiva, waangalie waya za jikoni kama zinabeba mzigo, waandike kwa Kiswahili ripoti ambayo mkuu wa shule ataisoma na bodi ya shule itaielewa. Haihitaji bajeti kubwa, chakula na kulala vipo hapo hapo shuleni. Kijana atajifunza kitu kingine cha maana sana, kwamba mpishi mwenye miaka ishirini jikoni ana sababu zake za kutolipenda jiko fulani, na injinia asiyemsikiliza atafunga jiko litakalowekwa stoo.

Wahadhiri msinielewe vibaya, najua mzigo wenu. Mnasahihisha mamia ya vitabu na mnapewa siku chache kuzunguka mikoa. Ila ile ziara ya nusu saa haisaidii mtu. Afadhali muende kwa wanafunzi wachache na mkae siku nzima saiti, na wengine muwaulize maswali kwa simu ya video wakiwa wamesimama mbele ya mtambo, muone kama kweli wapo. Na nyie wenyewe mkipata nafasi ya kukaa miezi mitatu kwenye mradi, nendeni. Arusha Tech wana kituo cha Kikuletwa kule Hai chenye mtambo wa maji na mafunzo ya nishati jadidifu, pale hata mwalimu wa chuo kingine angeweza kwenda kukaa, sioni kwa nini kila chuo kijifungie na chake.

Ninachoomba kifanyike kabla ya mwezi wa saba ujao ni hiki: Wizara ya Nishati na ya Elimu mkae meza moja na muite wakandarasi wa miradi inayoendelea, mtoke na orodha moja ya wazi ya nafasi za fildi za nishati kwa kila mkoa, saiti ipi, wanafunzi wangapi, mlezi nani, malazi yapo au hayapo, kijana wa Sumbawanga aione sawa na kijana wa Masaki mwenye mjomba TANESCO. Suala la bima mlimalize kwenye kikao hicho hicho. Kifungu cha mikataba kinaweza kuchukua muda, tutasubiri, ila orodha haihitaji bunge.

Kampuni yetu iandikeni kwenye hiyo orodha. Tutachukua wawili kila msimu, mmoja wao awe msichana, wote wawili wanapanda paa, na mlezi wao atakuwa fundi wangu mkuu ambaye nimeshaongea naye na ameniomba kitu kimoja tu, waje na buti.

Wenu katika kazi,
Injinia wa sola, Mwanza